Gamba la Kobe ni Mfupa, Si Nyumba

Nakala ya mazungumzo kwa wakazi



Mazungumzo ya leo yanamhusu kobe, ambaye kwa Kiluo huitwa opuk. Watoto humwokota malishoni au kando ya shamba la miwa na kumleta nyumbani. Hukaa uani pamoja na kuku, akila ugali uliobaki, mkate na vichwa vya omena. Miaka michache ikipita, gamba lake huwa limeota nundu au limelegea, na watu husema amezeeka. Mara nyingi si uzee, ni ugonjwa unaotokana na malezi.

Gamba si nyumba ambayo kobe anaweza kutoka na kurudi. Ni mfupa ulioungana na mbavu na uti wa mgongo, na juu yake kuna vigamba vya kitu kile kile kinachofanya kucha na pembe. Lina damu na neva, hivyo kobe huhisi maumivu. Anayelitoboa ili apitishe kamba anatoboa mfupa wa kiumbe hai.

Kila kigamba hukua kwa kuongeza tabaka jipya pembeni, na ndiyo maana pete huonekana. Lakini kuhesabu pete hakutoi umri wa hakika. Chakula kikiwa tele kobe hukua haraka, na kiangazi kikikaza hukua polepole.

Gamba zuri linahitaji mambo matatu. La kwanza ni kalsiamu. Kobe mkubwa wa nyikani mwenye madoa kama ya chui hula nyasi, majani ya porini na dungusi. Ugali una kalsiamu kidogo mno na fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Mwili ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa, na gamba hulegea.

La pili ni jua. Miale ya jua ikigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, ambayo huuwezesha kutumia kalsiamu. Kobe anayefungiwa stoo au ndani ya katoni hukosa vitamini hiyo. Hata hivyo lazima awe na kivuli cha kukimbilia, kwa sababu joto kali humuua.

La tatu ni unyevu, hasa kwa kobe wachanga. Mwaka 2003, watafiti Wiesner na Iben wa Vienna, Austria, walichapisha matokeo ya kulea kobe wachanga 50 wa jamii ya Saheli kwa miezi 5. Waliokaa penye hewa kavu waliota nundu kubwa kuliko waliokaa penye unyevu mwingi. Protini katika chakula ilichangia kidogo tu.

Hata porini kobe huweza kuwa na nundu ndogo. Dalili za kuhofia kwa kobe aliyekomaa ni gamba linalobonyea kwa kidole, mdomo uliopinda, miguu isiyoweza kuubeba mwili, au gamba linalonuka na kutoa usaha. Gamba lililokwisha kuharibika umbo halinyooki tena. Malezi mema huzuia tu lisiharibike zaidi.

Lipo pia suala la sheria. Kobe ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kumwokota njiani hakumfanyi kuwa mali ya aliyemwokota.

Kwa hiyo, mtoto akimkuta kobe porini, amwache aendelee na safari yake. Akiwa barabarani, avushwe upande aliokuwa akielekea. Kabla ya kuchoma majani ya shamba, wenye shamba wapite kwanza wakiangalia, kwani kobe hawezi kuukimbia moto.

Mwenye kobe nyumbani tayari awasiliane na KWS, ambao kwa upande wa Homa Bay wako katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, Bonde la Lambwe. Asimwachilie kiholela, kwa sababu anaweza kupeleka maradhi kwa kobe wa porini. Wala asimtupe Ziwa Victoria au Mto Kuja, kwani kobe wa nchi kavu huzama na kufa. Wakati akisubiri maelekezo, ampe nyasi mbichi, maji safi kwenye chombo kifupi, jua la asubuhi na kivuli. Gamba likiwa na jeraha, daktari wa mifugo aitwe.

Mwisho, kobe anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonekana mgonjwa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomgusa, na walio chini ya miaka 5 wasimchezee.

Kobe hujenga gamba lake polepole kwa miaka mingi, na mahali panapomfaa kulijenga ni porini.