Sheria ya Afya na Haki za Watu



Nimetakiwa niseme juu ya sheria na afya ya watu. Sitakwenda mbali; nitasema juu ya Beni na Butembo, huku kwetu mashariki ya Kongo.

Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na kwisha kwake kukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Walihesabiwa wafu 2,287. Serikali iliamuru aliyemgusa mgonjwa aangaliwe siku 21, na maiti azikwe na watu waliovaa nguo za kinga. Sisi Waislamu hatuna hoja ya kuzikataa amri hizo. Sayyidna Umar, alipofika Sargh, njiani kwenda Shamu, akapata habari ya tauni, alifanya shauri na Masahaba, kisha akarejea na watu wake. Ama kuhusu maiti, wanavyuoni wengi wamesema kwamba asiyeweza kuoshwa kwa kuchelea madhara hutayamamishwa. Na hilo likishindikana, huswaliwa akazikwa. Basi atakayewaambia kwamba mfuko wa maiti ni ukafiri, msimsikilize.

Lakini liangalieni neno lile, shauri. Tarehe 26 Desemba 2018, zikiwa zimebaki siku nne tu, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura hadi Machi, kwa ajili ya Ebola na usalama. Watu wakauliza: soko li wazi, misikiti na makanisa yamejaa, wagombea wamekuja kuhutubu, yawaje sanduku la kura peke yake ndilo liambukizalo? Kesho yake vijana wenye hasira wakakivamia kituo cha wagonjwa mjini Beni, na baadhi ya wagonjwa wakakimbia. Tarehe 30 watu wa Beni wakajipangia kura yao wenyewe, wakanawa mikono kwanza. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Zamu ya Beni na Butembo ilipofika, tarehe 31 Machi, rais alikwisha kukaa kitini.

Waliovunja kituo walidhulumu, wala hawana udhuru. Mgonjwa hakuipanga tarehe ya uchaguzi. Vile vile Daktari Richard Mouzoko, aliyeuawa Butembo tarehe 19 Aprili 2019, alikuja kutibu tu. Lakini aliyetoa amri ile naye ana la kujibu. Watu wa Beni walikuwa wakichinjwa tangu Oktoba 2014, wakililia ulinzi. Walipoona magari na askari wakisindikiza wauguzi, wengi walisema kwamba damu yao haikuwa na thamani mpaka ilipoogopwa. Neno hilo ni chungu, na chanjo hailiponyi.

Ugonjwa ulirudi Butembo Februari 2021, na Beni Oktoba mwaka ule ule. Kwa hiyo naliomba Baraza la Chama liandike kwa wakuu wa afya mambo mawili: tupewe kiti katika kamati kabla amri hazijatolewa, na waoshaji maiti wetu, wanaume kwa wanawake, wafundishwe wakati hakuna ugonjwa. Walio tayari wampe Mwandishi wa Chama majina yao leo, baada ya swala ya Isha.