Mwalimu, Hesabu Mpaka Tatu

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa walimu wa chekechea, katika mafunzo ya likizo

 

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si mwalimu. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu ni kuuliza maswali. Nanyi pia mnauliza maswali kila siku, kwa hivyo tuna la kuzungumza.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimhoji mama mmoja mkulima. Nilirudi ofisini nikilalamika kwamba hakuwa na la kusema. Kisha nikasikiliza kinasa sauti. Kila alipovuta pumzi ajibu, nilimkatiza kwa swali jingine. Mama alikuwa na mengi, ila mimi sikumpa nafasi. Bila ile rekodi, ningemlaumu hadi leo.

Darasani hali ni hiyo hiyo. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi masomo ya sayansi katika shule za msingi. Aligundua kwamba walimu wengi walipouliza swali, walisubiri kama sekunde moja tu kabla ya kulirudia, kumtaja mtoto mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Mabadiliko hayo hayakuhitaji kitabu kipya.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Mtoto wa PP1 ana miaka minne hivi. Pengine swali amelisikia kwa Kiswahili na jibu analitafuta kwa lugha ya nyumbani. Akirukwa leo, kesho na keshokutwa, atajifunza jambo ambalo haliko kwenye mtaala: kwamba shule ni ya wengine. Akishaamini hivyo, kumrudisha ni kazi kubwa.

Walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari wanaukumbuka mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani. Ulihimiza hatua nne: panga, tekeleza, angalia, boresha. Kupanga tunapanga, na kufundisha tunafundisha. Lakini kengele ikilia, tunafunga daftari, na zile hatua mbili za mwisho zinasahaulika.

Nawaomba mjaribu mambo matatu muhula ujao.

Kwanza, watoto wakishaondoka, kaa dakika tano na daftari. Jiulize: Nani hakusema chochote leo? Ni wapi walipoacha kunifuata? Kesho nitabadilisha nini? Andika badiliko moja tu. Ukiandika kumi, hutatekeleza hata moja.

Pili, mwarifu mwalimu mkuu, kisha urekodi dakika kumi za somo lako kwa simu. Isikilize peke yako, uhesabu sekunde baada ya kila swali, halafu uifute. Sauti za watoto hazifai kufika kwenye kikundi cha WhatsApp.

Tatu, mwalike mwenzako akae nyuma ya darasa. Asikupe alama. Ahesabu jambo moja mlilokubaliana, kwa mfano, ni watoto wangapi waliojibu na walikuwa wameketi wapi. Wiki inayofuata, nenda kwake.

Najua kuna madarasa yaliyofurika, na kuna mengi mnayoidai kaunti. Daftari halitajenga darasa wala kupandisha mshahara. Hayo ni wajibu wetu, na mna haki ya kutuuliza. Lakini zile sekunde tatu ziko mikononi mwenu, na mtoto hawezi kungojea bajeti ijayo.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Jioni, msiulize tu, "Umepata ngapi?" Ulizeni, "Leo umemuuliza mwalimu nini?" Kisha nyamazeni kidogo, msubiri jibu.

Walimu, somo likienda vibaya, ni rahisi kusema watoto hawa ni wazito. Huenda ni kweli kwamba siku ilikuwa ngumu. Lakini kabla ya kuliandika hilo, rudini kwenye lile swali mlilouliza na mhesabu: moja, mbili, tatu. Huenda mtoto alikuwa karibu kujibu.