Benki na Mama wa Mgeta

Benki zinawapenda vijana. Wanafunzi wa Sokoine na Mzumbe wana akaunti zao maalumu, maana mwanachuo wa leo ndiye mwenye mshahara wa kesho. Siwalaumu, biashara ni biashara.

Nauliza habari za mama anayeshusha kabichi na njegere kutoka Mgeta. Miaka ya 1990 Benki ya Taifa ya Biashara ilifunga matawi yasiyolipa. Mwaka 1997 ikagawanywa, na matawi mengi ya wilayani yakaangukia NMB. Mwaka 2008 fedha zikaanza kupita kwenye simu, na 2013 Benki Kuu ikaweka utaratibu wa mawakala wa benki. Jambo jema, tena kubwa.

Lakini siku ya gulio kila mtu anataka kutoa, na wakala huishiwa fedha mapema. Na hata akiwa nazo, hana madaraka ya kupitisha mkopo wa mbolea. Kwa hilo mama hupanda gari alfajiri, hupita palepale Mzumbe, mpaka mjini. Akiambiwa arudi wiki ijayo, nauli ni yake.