Kiwanja cha Ndege Kinatuhusu Nini Sisi Tusiopanda Ndege?

Maelezo ya Ofisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi wa Kata ya Kihanga



Katika mkutano uliopita, mzee wetu mmoja alisimama akauliza: "Kila siku tunasikia habari za viwanja vya ndege. Mimi sijawahi kupanda ndege wala sina nauli yake. Kiwanja cha ndege kinanihusu nini?" Swali lile lilistahili jibu pana kuliko muda uliokuwapo, ndiyo maana nimeomba nafasi leo. Nieleweke mapema kwamba sikuja kutangaza ujenzi wa kiwanja cha ndege Kihanga. Nimekuja kueleza huduma hii ni nini, inagharimu nini, na mwananchi ana haki na wajibu gani juu yake.

Ndugu wananchi, kiwanja kinachouhudumia mkoa wetu ni cha Bukoba, chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania. Njia yake ya kurukia ina urefu wa takribani kilomita moja na nusu, nao umebanwa na mji upande mmoja na Ziwa Victoria upande wa pili. Tangu barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene ikamilike, kiwanja hicho kimesogea karibu nasi. Hata hivyo kahawa yetu na ndizi zetu hazitapanda ndege. Mizigo mizito itaendelea kusafiri kwa barabara na meli, na anayewaahidi vinginevyo anawapotosha.

Faida yake kwetu iko penye haraka na penye thamani kubwa kwa uzito mdogo. Mgonjwa anayehitaji kuwahishwa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, huenda maisha yake yakategemea saa chache. Mtalii anayekuja kuona Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa hadhi mwaka 2019, mara nyingi ana siku chache tu. Vanila iliyokaushwa, dawa, chanjo na vipuri ni mizigo ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo, mzee wangu, hata usipopanda ndege, huenda siku moja dawa yako ikafika kwa ndege.

Sasa tuutazame ujenzi wenyewe. Wapo wanaodhani kiwanja kwa ndege ndogo ni kufyeka majani na kusawazisha ardhi tu. Nyanda zetu ziko juu, na kadiri mahali palivyo juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Kanuni ya wahandisi ni kuongeza takribani asilimia 7 ya urefu wa njia kwa kila mita 300 za mwinuko. Ndege inayohitaji mita 1,000 pwani itahitaji kama mita 1,350 mahali palipo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kabla ya kuhesabu joto na mteremko wa ardhi. Ukichukua ukanda wa kilomita moja na nusu kwa upana wa mita 150, umetwaa hekta 22 na nusu, yaani zaidi ya ekari 55. Kwetu sisi, ekari 55 ni vibanja vya familia nyingi, vyenye migomba, mibuni na makaburi ya wazee.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Katika mkoa huuhuu, eneo la Omukajunguti, Wilaya ya Missenyi, lilitajwa kwa miaka mingi kuwa mahali pa kujenga kiwanja kikubwa, na suala la fidia za wananchi wake likafikishwa hadi Bungeni. Mbuni huchukua takribani miaka mitatu kuanza kuzaa. Familia inayoambiwa isipande wala isijenge, kisha ikasubiri bila kujua mwisho wake, hupoteza miaka ambayo hakuna mthamini anayeiandika kirahisi kwenye daftari lake.

Kwa sababu hiyo ni muhimu kuijua sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ushirikishwe ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na uamuzi hubaki kwa Waziri. Fidia hukadiriwa kwa bei ya soko na kuongezewa posho zake, ikiwemo ya usumbufu na ya usafiri. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa, na taarifa ya uthamini hudumu miaka 2 tu. Kwa hiyo hudhurieni mikutano ya vijiji, someni fomu kabla ya kutia saini, na mbaki na nakala zake. Upande wa pili, anayeamka usiku kuchomeka miche shambani baada ya kusikia wathamini wanakuja, anajichelewesha mwenyewe na kuwachelewesha jirani zake.

Ndugu zangu, kujenga ni mwanzo tu. Kiwanja huendeshwa kila siku. Kabla ndege haijatua, lazima mtu aikague njia na kuondoa mawe, mbwa na mifugo. Lazima mtu aangalie kama mvua imechimba changarawe, kama mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo haujachanika, na hali ya hewa ikoje. Wakazi nao wana sehemu yao. Jalala karibu na kiwanja huvuta ndege wa angani, nao wakiingia kwenye injini huleta maafa. Moshi wa mashamba humfunika rubani macho. Mikaratusi iliyopandwa mwishoni mwa njia leo, baada ya miaka michache itakuwa kizuizi. Ndege zisizo na rubani, maarufu kama droni, haziruhusiwi kurushwa bila kibali.

Nimeliacha la mwisho lililo zito kuliko yote. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikijiandaa kutua Bukoba, karibu kabisa na kiwanja. Ilikuwa na watu 43. Watu 24 waliokolewa na 19 wakapoteza maisha, marubani wote wawili wakiwemo. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Miongoni mwao alikuwamo kijana Majaliwa Jackson, ambaye baadaye Serikali iliagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Sisemi haya kumlaumu mtu. Nayasema kwa sababu Kagera tumekwisha kulia na ziwa lile. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuchukua mamia ya watu wetu. Kati ya misiba hiyo miwili ilipita miaka 26. Ushujaa wa wavuvi ni jambo la kujivunia, lakini ushujaa wa mpita njia si mpango wa uokoaji. Kiwanja kilicho kando ya maji kinahitaji boti, wazamiaji na mazoezi, kama kinavyohitaji lami. Tahadhari huja kabla ya hatari, nayo hutengewa fedha kwenye bajeti.

Basi, mzee wangu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Kiwanja cha ndege kinakuhusu kwa sababu ardhi yake ni ya mwananchi, fedha zake ni za mwananchi, na siku ya msiba wanaolia ni wananchi. Popote mtakaposikia kinapangwa kiwanja, kiwe kikubwa au cha ndege ndogo, ulizeni maswali matatu. Ardhi ni ya nani, na atalipwa lini? Nani atakayekihudumia kila asubuhi baada ya utepe kukatwa? Na ndege ikianguka, nani atakayefika kwanza, akiwa na kifaa gani mkononi?

Msiulize urefu wa lami peke yake. Mkipata majibu ya maswali hayo matatu, hapo mtajua kama mnaletewa huduma au mnaletewa picha ya huduma.