Juu ya Nini Mashofere Wetu Hawakai?

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba

 

Sisi tunaotembelea vikundi tuliombwa kujibu swali moja. Kamio ya chama, ile inayobeba mihogo na mafuta ya mawese toka Baraka mpaka Uvira, imebadilisha shofere mara tatu kwa mwaka mmoja. Kila mara kamio ilisimama, na mihogo ya mama zetu ikapata ukungu ndani ya depo. Watu wakasema mengi. Wengine walisema vijana wa leo hawana uvumilivu. Wengine walisema hao wametoka kambini, wamezoea kupewa bure. Neno hilo lilituumiza, maana wawili kati ya hao watatu ni warudi kama sisi. Udereva walijifunza kule Kigoma, kwa jasho lao.

Basi tuliwatafuta wote watatu, tukakaa nao chini, tukawasikiliza.

Wa kwanza aliondoka juu ya resori. Resori ilivunjika njiani, sisi tukakata bei yake kwenye malipo yake bila kumwita na kumuuliza. Kumbe alikuwa ametuambia mbele ya safari kwamba resori ile imechoka.

Wa pili aliondoka juu ya barieri. Ninyi mnajua barabara zetu. Shirika la IPIS la Ubelgiji lilichora ramani mwaka 2017 na kuhesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Sisi tulimpa shofere feza ya njia kwa kukadiria. Ikiisha, anatoa ya mfukoni. Akirudi, mweka hazina anamuuliza risiti. Nani anatoa risiti pale kwenye kamba? Huyu alituambia kwamba hakukimbia kazi, alikimbia deni.

Wa tatu njo alitufundisha zaidi. Sisi tulikuwa tunalipa kwa safari. Tuchukue mfano wa dola 30 kwa safari moja. Akienda na kurudi kwa siku mbili, ni dola 15 kwa siku. Lakini mvua ikinyesha, ile Nasionali namba 5 inakuwa matope, na kamio inalala Mboko ao Swima. Ao mzigo bado haujakamilika, shofere anangoja. Safari ikichukua siku sita, ile dola 30 imekuwa dola 5 kwa siku, na chakula ni chake. Sisi tunasema hatukupunguza kitu. Yeye anaona mshahara umeshuka mara tatu.

Sasa anaendesha kamio ya mfanyabiashara mmoja. Tukihesabu vizuri, kwenye miezi ya kiangazi anapata kidogo kuliko kwetu. Lakini anapata kila mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba anajua siku ya kuja. Mtoto hafukuzwi shuleni juu ya mvua.

Jambo hili haliko kwetu tu. Marekani, madereva wengi wa masafa marefu wanalipwa kwa maili, na saa nyingi za kungoja kupakia hazilipwi. Makampuni makubwa huko yanapoteza madereva wengi kila mwaka. Mwaka 1997 kampuni ya J.B. Hunt ilipandisha malipo karibu theluthi moja. Walioacha kazi walipungua sana, na ajali pia zilipungua.

Basi malipo yana nguvu. Lakini tuliyoyaona kwetu yanaongeza kitu: shofere haangalii tu ni kiasi gani, anaangalia kama atakipata, na hasara ya njia inabebwa na nani. Sisi tulimbebesha yeye. Tukadhani tunaokoa feza ya chama, kumbe tulilipa kwa mlango mwingine. Shofere mgeni hajui kamio, anaunguza ambreyaje, hajui daraja gani lina shida. Na mihogo iliyooza hakuna aliyeiandika kwenye daftari.

Tunaomba mkutano ukubali mambo matano:

1. Mshahara wa kila mwezi, hata ukiwa mdogo, na nyongeza kwa kila safari.
2. Feza ya chakula kwa kila siku ya kungoja.
3. Daftari ya barieri, inayoandikwa na shofere na msaidizi wake, na hazina irudishe kilichotolewa.
4. Hakuna kukata feza bila kumsikiliza mtu kwanza.
5. Kontra ya maandishi. Sheria ya kazi namba 015/2002, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaitaka. Tena inataka mfanyakazi akiondoka apewe karatasi ya kuonyesha kazi aliyoifanya na muda wake. Wengi wetu tulirudi na ufundi mikononi bila karatasi hata moja. Tusimfanyie mwenzetu vile tulivyofanyiwa.

Feza itoke wapi? Sehemu moja itoke kwetu: kila mwenye gunia aongeze kidogo kwenye bei ya kubeba. Ni uzito, tunajua, lakini gunia lililooza ni uzito zaidi. Sehemu nyingine tunawaomba wafadhili. Mlitupa kamio, hatusahau. Leo hatuombi kamio ya pili. Tunaomba mtusaidie mshahara wa miezi sita ya kwanza. Kamio inapigwa picha, mshahara haupigwi picha, lakini bila mshahara kamio ni chuma kilichosimama.

Yule wa tatu tulimuuliza kama anaweza kurudi. Alisema atarudi siku atakapoona mshahara wa mwezi umeandikwa kwenye kontra. Jibu lake liko mikononi mwenu, na kura inapigwa leo.