Jicho la John Dalton



Naanza na ua. Mwaka 1792 John Dalton, Mwingereza ambaye baadaye angejulikana kwa nadharia ya atomu, alitazama ua la jerania kwa mwanga wa mshumaa. Mchana alizoea kuliona la buluu, kama anga. Usiku ule likawa jekundu. Akawauliza rafiki zake, nao wakashangaa: kwao lilikuwa la waridi mchana na usiku. Aliyeona kama yeye ni kaka yake peke yake.

Kaka yake! Jawabu lilikuwa limekaa ndani ya ukoo, naye akalitafuta ndani ya jicho. Mwaka 1794 aliwaeleza wanazuoni wa Manchester kwamba ute wa macho yake lazima una rangi ya buluu, ndiyo maana unameza mwanga mwekundu. Akausia macho yake yachunguzwe akifa. Alifariki mwaka 1844, na daktari wake, Joseph Ransome, akatimiza wosia. Jicho moja akalipasua, akakuta ute safi kama maji. La pili akalikata kwa nyuma, akachungulia ndani yake: nyekundu ilibaki nyekundu, kijani kikabaki kijani.

Kumbe kasoro ilikuwa kwenye retina, katika seli ziitwazo koni. Wengi wetu tuna aina tatu. Jeni za aina mbili, ya nyekundu na ya kijani, zimekaa sako kwa bako katika kromosomu X, na zinafanana mno kwa kuwa zimetokana na jeni moja ya kale. Mama anapotengeneza yai, kromosomu zake za X hubadilishana vipande. Zisipopangana sawasawa, moja huondoka na jeni ya ziada, nyingine hupungukiwa. Binti ana X ya pili ya kumfidia, mvulana hana. Basi mvulana asipotofautisha nyanya mbivu na mbichi, msimsumbue baba yake, nendeni ujombani. Kwa watu wa asili ya Ulaya, wanaume wa namna hiyo ni kama 8 katika kila 100. Wanawake hawafiki hata 1.

Jina “upofu wa rangi” silipendi. Dalton aliona buluu na manjano bila taabu. Wasioona rangi kabisa ni wengine: koni zao zote zimelala, jua huwaumiza macho, na mara nyingi chanzo ni jeni ya CNGB3 iliyoharibika, ambayo mtoto huipata kwa baba na mama pia.

Mabaki ya macho ya Dalton yalitunzwa. Mwaka 1995 watafiti walipima DNA yake, na jeni ya koni ya kijani hawakuiona. Mwanasayansi Thomas Young, aliyekisia mapema kuwa kilichokosekana ni kipokezi cha nyekundu, alikuwa amepata nusu ya jibu. Na ule mshumaa? Mwanga wake una buluu kidogo sana. Kwa jicho lenye koni za aina mbili tu, buluu ya ua ikapotea, ukabaki wekundu.