Nyaya Tatu Kati ya Kompyuta na Mashine
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya karakana. Nitasema juu ya jambo moja tu, nalo ni jinsi ya kuunganisha kompyuta na mashine ya CNC hata zisikilizane. Nimelichagua kwa kuwa naona mashine nzima zikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Vyuma vyake havijachakaa. Ila hakuna mtu wa kuzungumza nazo.

Kwa wale mliokwenda upande wa sheria na uganga, mashine ya CNC ni ya kukereza au kuchonga chuma kwa kufuata namba. Mashine ya kuongozwa kwa namba ilionyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani. Utepe wa karatasi uliokuja kuwa wa kawaida ulikuwa na upana wa inchi 1, na kila inchi ya urefu ilibeba herufi 10 za matundu. Programu ya herufi 60,000 ilitaka utepe wa mita 152. Panya akiutafuna, kazi imelala.

Ndipo ikatumika njia ya RS-232, kanuni ya Kimarekani ya mwaka 1960, ambayo toleo lake la 1969 ndilo lililoenea viwandani. Herufi huvunjwa kuwa biti, na biti hupita katika waya moja zikifuatana, kama tulivyokuwa tukiingia bwaloni kwa mlango mmoja. Mashine nyingi za zamani bado zina soketi hiyo.

Mwaka 2011 niliitwa katika karakana moja yenye mashine ya kukereza iliyotoka Japani. Kisomaji cha utepe kilikuwa kimekufa. Kijana alikuwa akiandika programu kwa vidole mbele ya mashine, siku nzima, na mwenye mali alikwisha kuzungumza na mnunuzi wa vyuma.

Nilianza na mita ya umeme. Soketi ya mashine ilikuwa na pini 25. Kwa kawaida pini ya 2 hutuma, ya 3 hupokea, na ya 7 ndiyo waya wa pamoja. Lakini msiamini karatasi; pimeni. Waya inayotuma, ikiwa kimya, huonyesha volti hasi, kati ya 5 na 15, ukilinganisha na pini ya 7. Hiyo ndiyo sauti ya mashine inayopumua. Upande wa kompyuta, soketi ya pini 9 hutuma kwa ya 3, hupokea kwa ya 2, na waya wa pamoja ni wa 5. Kwa hiyo 3 huenda kwa 3, 2 kwa 2, na 5 kwa 7. Kompyuta isiyo na soketi hiyo itatumia kigeuzi cha USB. Kisha, ndani ya plagi ya mashine, unganisheni 4 na 5, na tena 6, 8 na 20, ili mashine idhani mwenzake yuko tayari wakati wote.

Msinunue waya iliyounganishwa pini zote 25. Katika mashine nyingi za Fanuc pini ya 25 ina volti 24 za kuendeshea kisomaji cha utepe, nazo zaweza kuiunguza kompyuta. Zimeni vyote viwili kabla ya kuchomeka plagi, vipateni umeme wenye ethi moja, na waya isizidi mita 15.

Baada ya nyaya yafuata mapatano. Pande zote mbili ziwe na kasi moja na hesabu moja ya biti. Ile mashine ilitaka kasi ya 4800, biti 7, pariti ya shufwa, na biti 2 za kufungia. Ukiongeza biti ya kuanzia, kila herufi ni biti 11, yaani herufi 436 kwa sekunde. Ule utepe wa mita 152 hupita kwa dakika mbili na kidogo. Mpokeaji aanze kusubiri kwanza, ndipo mtumaji atume.

Sasa naomba mnisikilize vizuri. Mashine ikijaa hutuma alama namba 19, maana yake ngoja. Ikipata nafasi hutuma 17, endelea. Kompyuta isiyowekwa kutii alama hizo itaendelea kumwaga, na herufi zitapotea. Pariti hugundua biti moja iliyogeuka, haigundui herufi iliyopotea. Katika mashine nyingi Z100. yenye nukta ni milimita 100, na Z100 bila nukta ni mikroni 100. Kisu kilichoamriwa kirudi nyuma hakirudi, na amri inayofuata inakisukuma pembeni kikiwa bado ndani ya chuma kinachozunguka. Mtu amesimama hapo. Kwa hiyo mimi huirudisha programu kutoka kwenye mashine hadi kompyuta na kulinganisha herufi kwa herufi kabla kisu hakijaguswa.

Ile mashine haikuuzwa. Lakini kazi yangu ya kwanza kwa waya ile ilikuwa kuchukua, wala si kupeleka. Vipimo vyake vyenyewe, namba mamia zilizowekwa kiwandani, hukaa katika kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo. Betri ikiisha wakati mashine imezimwa, namba zimekwenda. Zitoeni, ziandikeni mahali pawili, ndipo mbadilishe betri, na mashine iwe imewashwa.

Waya nimekuja nayo, iko mezani pale, pamoja na mita. Anayetaka kuishika aje.